Jinsi nilivyowarudisha wanafunzi kwenye chumba cha kujisomea lugha

Chumba chetu cha kujisomea Kiingereza na Kifaransa chuoni kilikuwa na vitabu, kompyuta 6 na vumbi. Wanafunzi walichungulia mlangoni, wakaenda zao. Nilidhani tatizo ni vifaa. Kumbe sisi walimu tulipanga kila kitu bila kuwauliza.

Nikawakabidhi ufunguo wanafunzi 8 wa mwaka wa pili, wapeane zamu. Kwanza kabisa walibandua lebo za ngazi za ujuzi wa lugha za Baraza la Ulaya, A1 (anayeanza) hadi C2 (mahiri), ambazo wengi hawakuzielewa, wakaandika kwa maka peni: "Ukikwama maneno matano katika ukurasa mmoja, shuka rafu ya chini." Nilifurahi sana! Kisha wakaanzisha meza ya mazungumzo kila Alhamisi jioni. Siku hizi viti havitoshi, tumetandika mkeka.