Damu siku ya pili: mimba haijatoka

Ng'ombe kapandishwa Jumatatu. Jumatano alfajiri mkia wake umeshikana damu iliyochanganyika na ute, na matone mengine yako sakafuni. Hapo simu nyingi hupigwa kwa mhimilishaji, yule anayempandikiza ng'ombe mbegu ya dume kwa chupa: "Mimba imetoka."

Hakuna mimba ya kutoka siku hiyo. Kama mbegu imekutana na yai, kiinitete bado kiko ndani ya mrija wa mayai, na kitafika kwenye mji wa mimba baada ya siku 4 au 5 hivi. Damu ina asili nyingine. Wakati wa joto, yaani ng'ombe anapokuwa tayari kupandwa, homoni ya estrojeni hupanda, na vimishipa vya utando wa ndani ya mji wa mimba hujaa damu. Estrojeni ikishuka baadhi hupasuka, damu ikavuja kidogo. Huonekana siku 1 hadi 3 baada ya joto, na mitamba huitoa zaidi kuliko ng'ombe waliokwisha kuzaa. Aliyeshika hutoa, asiyeshika pia hutoa. Usisome chochote humo kuhusu mimba.

Kosa linatokana na kumpigia ng'ombe hesabu ya mwanamke. Kwa mwanamke hedhi ni utando wa mji wa mimba kubomoka kwa sababu mimba haikutunga; damu hutangulia, yai hufuata wiki mbili hivi baadaye. Kwa ng'ombe yai hutangulia, damu hufuata.

Kwa hiyo ukikuta damu na joto hukuliona, usimwite mhimilishaji. Yai la ng'ombe huishi masaa 6 hadi 12 tu, na hilo limeshakufa. Utalipia dozi ya mbegu bure. Andika tarehe kwa chaki mlangoni mwa banda, na kuanzia siku ya 16 baada ya damu anza kulinda. Mzunguko ni siku 21, lakini 18 hadi 24 ni kawaida.

Kulinda ni kukaa dakika 20 hadi 30 alfajiri na usiku kabla ya kulala, si wakati wa kulisha, maana mbele ya pumba hata mwenye joto husahau. Dalili ya uhakika ni moja: anapandwa na anasimama tuli. Anayepanda wenzake huenda joto linakuja au limeshapita. Mwenye ng'ombe mmoja hana pa kuliona hilo, basi atazame ute mwangavu kama ute wa yai bichi unaoning'inia ukeni, kulialia, na maziwa kupungua ghafla. Ng'ombe wa asili wana joto fupi, mara nyingi la usiku, ndiyo maana wengi husema "huyu hana joto" wakati wao walikuwa wamelala.

Yai hutoka masaa 24 hadi 30 baada ya kuanza kusimama, na mbegu nazo zinahitaji masaa kadhaa ndani ya njia ya uzazi kabla ya kuweza kurutubisha. Ndipo ikaja kanuni ya zamani: akisimama asubuhi, apandishwe jioni, akisimama jioni, kesho yake asubuhi.

Mhimilishaji naye mtazame. Mbegu hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija mwembamba wenye mbegu huyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 45, unafutwa ukauke (tone la maji huua mbegu), unakatwa, unaingia kwenye bunduki (kifaa cha kupandikizia), na kazi inaisha ndani ya dakika 15. Asiye na kipimajoto anabahatisha. Mbegu huachwa mara tu bunduki inapopita pete ya mwisho ya shingo ya kizazi. Ikiachiwa katikati ya pete, nyingi hurudi nje.

Akirudi joto baada ya siku 18 hadi 24, yai halikurutubishwa, au kiinitete kilikufa mapema kabla ya kupeleka ile ishara ya siku ya 16 inayozuia mzunguko mpya. Akirudi siku ya 35 au 40, yaelekea alishika kisha akapoteza, au kuna joto la katikati lililokupita. Akirudi mara tatu mfululizo, mwite daktari wa mifugo ampime kabla ya kununua dozi ya nne. Na kutorudi si ushahidi wa mimba. Apimwe kwa mkono baada ya siku 60.

Damu ya kuogopa ipo. Ni ile ya mwezi wa 5 na kuendelea, ikitoka na kijusi au kondo la nyuma. Usiishike kwa mikono mitupu, mbwa wasifike, na maziwa ya ng'ombe huyo yasinywewe mabichi: inaweza kuwa ugonjwa wa brusela, nayo huambukiza watu. Mtenge, piga simu kwa daktari, na mabaki yafukiwe kwa kina au yachomwe baada ya sampuli kuchukuliwa.