Kashata, machungwa na mchanga wa chini ya bahari

Juzi shangazi kanipigia simu kutoka Tanga nikiwa lab, na huyu shangazi yangu simu yake huikati, unaanza na shikamoo, unaulizwa umekula nini, baridi umeizoea au bado, alafu ndo linakuja swali lenyewe: "Hivi mwanangu, huko Ulaya umeenda kusomea nini hasa?" Nikamwambia udongo. Kimya. "Udongo?" Udongo shangazi, ule wa chini ya bahari wenye kama barafu ndani yake, na barafu yenyewe ukiiwashia kiberiti inawaka. Alicheka mpaka akakohoa.

Sasa wakati tunacheka kuna kitu nilikuwa nimekisahau. Sampuli yangu, silinda ya mchanga ya sentimita 5 kwa 10, nilikuwa nimeitoa kwenye friji niisawazishe kichwa tu dakika mbili nirudishe. Nimeigandisha siku mbili kwa maji na kitu kinaitwa tetrahaidrofurani, ambacho watu wa fani hii tunakitumia sana kwa sababu kinatengeneza haidreti (ndo hiyo kama barafu niliyomwambia shangazi) bila presha yoyote, ilimradi ubaki chini ya digrii 4.4. Kuja kuangalia, dakika arobaini zimepita, sampuli imemomonyoka miguu, imeegea upande kama mlevi anayesubiri daladala, na chini kuna kidimbwi kinanuka dawa (kabati la kuvuta hewa lilikuwa linafanya kazi, msinifokee). Asubuhi ileile ulikuwa ukiigonga na kijiko inalia kama jiwe.

Kwa wasiojua, haidreti ya methani ni maji yaliyojipanga kama tundu la ndege na ndani ya tundu kuna gesi. Inataka baridi na presha, ndo maana inapatikana chini ya bahari yenye kina cha mita mia kadhaa na kuendelea, na kwenye ardhi iliyoganda huko Siberia na kaskazini ya Kanada na Alaska. Mita moja ya ujazo ya hii kitu ikiyeyuka inatoa kama mita za ujazo 164 za gesi. Hesabu hiyo ndo inawafanya watu wa nishati wasilale, ila mimi gesi sio ishu yangu, ishu yangu ni mchanga unaobaki.

Na hapa shangazi alinisaidia bila kujua, maana yeye anapika kashata na kuuza. Nilimwambia chukulia karanga ndo punje za mchanga. Kuna haidreti inayokaa kama sukari ya kashata, yaani inashika pale karanga mbili zinapogusana, na hiyo hata ikiwa kidogo tu mchanga unakuwa mgumu vibaya sana. Alafu kuna ya aina nyingine, hii fikiria tenga la machungwa ukapachika ndimu kwenye zile nafasi. Ndimu zikiwa chache zinacheza humo ndani, tenga halina habari nazo, mzigo wote umebebwa na machungwa. Ukiendelea kujaza inafika mahali, kama robo hivi mpaka asilimia 40 ya nafasi, ndimu nazo zinaanza kubanwa na kubeba mzigo, na ukitaka kulisukuma tenga upande machungwa hayana pa kwenda mpaka yapandane. Kwenye mashine ya kubania sampuli ndo unaona hivohivo: mchanga wenye haidreti nyingi ukiubana unavimba, unapanda mpaka kilele, alafu unakatika ghafla. Msuguano wa punje wenyewe haubadiliki sana, kinachoongezeka zaidi ni mshikamano na huko kuvimba.

Sasa tatizo, na hili linaniudhi kweli, ni kwamba ukisoma ripoti nyingi za maabara za zamani unakuta wamepika kashata. Wanachukua mchanga wenye unyevu wanaujaza methani kwa presha, na unyevu unakaa wapi? Kwenye maungio ya punje, kama mchanga wa ufukweni unaoshikana ukiwa mbichi, kwa hiyo haidreti inaotea hapohapo na sampuli inatoka kama zege. Wakati mchanga wa baharini kwenyewe, ule unaotolewa na mitambo inayoubeba ukiwa bado kwenye presha yake, mara nyingi tabia yake ni ya machungwa na ndimu. Ukichukua namba za kashata ukapigia hesabu ya kisima cha kutolea gesi utajiona uko salama sana kumbe hauko.

Wajapani wameyaona haya kwa macho. Machi 2013 meli yao ya Chikyu ilijaribu kutoa gesi ya haidreti kwenye mfereji wa Nankai, bonde refu chini ya bahari huko kwao, maji kina cha kama mita 1,000 na mchanga wenyewe kama mita 300 zaidi chini ya sakafu ya bahari. Njia yao ilikuwa kupunguza presha kisimani, kutoka kama megapaskali 13 mpaka karibu 5 (megapaskali moja ni kama mara kumi ya presha ya hewa ya kawaida), haidreti ivunjike yenyewe gesi ipande. Ilipanda kweli, kama mita za ujazo 120,000 kwa siku sita, alafu mchanga ukaanza kuingia kisimani na jaribio likaishia hapo, na vichujio walikuwa wameweka! Wakarudi 2017 na visima viwili, cha kwanza mchanga tena baada ya siku kama 12, cha pili ndo kikaenda siku 24 bila mchanga.

Ukitazama kilichotokea pale chini utaona mambo mawili yanavutana. Umeshusha presha ya maji kwenye vitundu vya kati ya punje, kwa hiyo uzito wa juu unazikandamiza punje zaidi, mchanga unabanana, hiyo peke yake ingekuwa nzuri. Ila wakati huohuo ndimu zinatoweka moja baada ya nyingine, punje zinalegea, na maji na gesi vinakimbilia kisimani kwa kasi vikiwa vimezibeba. Kinyume chake, haidreti ikiyeyuka kwa joto na gesi ikakosa pa kutokea, presha inapanda vitunduni, punje zinaachiana na udongo unakuwa uji. Hicho ndo sampuli yangu ya juzi isingeweza kunionyesha, maana tetrahaidrofurani ikiyeyuka inarudi kuwa kimiminika tu, haitoi mapovu.

Kwenye udongo wa mfinyanzi ni stori nyingine kabisa. Bonde la Krishna-Godavari huko India, walipotoboa 2006, haidreti ilikuwa imekaa kama mishipa na mabonge ndani ya nyufa za tope. Ikiyeyuka hapo unabaki na tope lenye maji mengi ambalo halijawahi kubanwa sawasawa na uzito uliokuwa juu yake. Watu hapo ndo wanarukia Storegga, lile poromoko la baharini Norway la miaka 8,000 na zaidi iliyopita, kama kilomita za ujazo 3,000 zilizoshuka na kuleta tsunami. Mi mwenyewe nilikuwa naihubiri sana kama kosa la haidreti, ila uchunguzi wa kabla ya kuchimba gesi ya Ormen Lange, eneo la gesi lililo hapohapo kwenye poromoko, ulielekeza zaidi kwenye matope yaliyorundikwa haraka zama za barafu na tetemeko la ardhi juu yake.

Na kabla hamjauliza kama gesi ya Ziwa Kivu nayo ni haidreti, hapana. Methani ya Kivu imeyeyuka kwenye maji, kina hakifiki mita 500 na huko chini kuna joto la kama digrii 26, haidreti haiwezi kukaa hapo hata dakika.

Nilipomweleza shangazi yote haya akauliza, "Sasa ukiinyonya sukari yote kashata si inabaki karanga tu?" Ndiyo shangazi, na karanga zenyewe kwenye mrija wa mtu. Akasema basi kapike upya. Nimeanza jana, safari hii gesi kidogo kwanza alafu maji mengi ya presha, iotee kwenye nafasi sio kwenye maungio, na itachukua siku kadhaa kabla sijaiweka kwenye mashine. Simu nimeiacha ofisini.