Fremu ya Baba na nyingine zisizofanana nayo

Mama alipohamia kwangu alikuja na bahasha ya kaki iliyojaa picha, na fremu moja tu, ile ya Baba. Ukuta mrefu wa sebuleni ulikuwa mtupu tangu niingie nyumba ile. Nikamwambia tuzitoe picha zote kwenye bahasha tuzitundike.

"Fremu za kuwatosha watu wote hawa utazitoa wapi, mwanangu?"

Nilizitoa mitumbani, moja moja, kila nilipopita. Picha iliyokuwemo ndani haikunihusu, nilichotazama ni mgongo wa fremu. Nilizibonyeza pembe nne kuona kama zimeachana. Nilitafuta tundu ndogo zenye unga laini wa mbao, kwa sababu unga huo ni dalili kwamba mdudu bado yumo kazini, na ukimbeba utamkaribisha kwenye viti na kabati zako. Kioo kilichopasuka hakikunitisha, kioo hukatwa kingine. Pembe iliyolegea nayo hupakwa gundi ya mbao, ikafungwa kamba kwa nguvu na kulazwa hadi asubuhi. Nikapata za mbao nzito, za chuma chembamba, moja ya duara dufu iliyochongwa majani, na moja kubwa, nene, nzuri kuliko zote, ambayo haikuwa na kioo kabisa.

Jumamosi tuliyoanza kazi mdogo wangu alikuja na drili, msasa na kopo la rangi nyeusi.

"Dada, tuzipake zote zifanane. Ukuta utatulia."

Mama hakumpa nafasi. "Waliomo hawafanani, fremu zifanane za nini?" Kopo likarudi kwenye mfuko. Hadi leo naona Mama alikuwa sahihi: ile mbao iliyopauka na ile ya rangi ya kahawa zinapendeza kwa kupishana kwao.

Tukazifungua zote. Nyuma ya nyingi kulikuwa na boksi la kawaida lililogeuka kahawia. Boksi la namna hiyo lina asidi, na asidi ile hupenya polepole hadi kwenye picha na kuigeuza manjano, kwa hiyo tuliyatupa yote, tukaweka karatasi ngumu isiyo na asidi. Vioo tulivifuta kwa kitambaa kilicholowanishwa, bila kumwagia maji fremu yenyewe. Picha za rangi za miaka ya 1970 zilikuwa zimeelekea wekundu, kama ilivyo kawaida yao, maana rangi ya samawati ndiyo huwahi kufifia. Za nyeusi na nyeupe, zilizo kongwe zaidi, zilikuwa bado na weusi wake.

Kisha tukaifikia fremu ya Baba. Ni kijana kwenye picha ile, kashika usukani wa baiskeli, shati limepigwa pasi hadi mikunjo yake inaonekana. Mbao zake zilikuwa zimebunguliwa, zilimong'onyoka mikononi mwetu. Nikajaribu kuitoa picha, haikutoka. Ilikuwa imeshikana na kioo.

Mdogo wangu akanyoosha mkono kuchukua wembe. Nikamzuia. Uso wa picha za zamani ni gelatini, na gelatini ikipata unyevu hulainika. Ikikauka huku imebanwa kwenye kioo, inagandana nacho. Ukiilazimisha, karatasi itakuja mkononi na sura ya mtu itabaki kwenye kioo. Mama alikuwa amesimama juu yetu kimya, na mimi sikuwa tayari kumrudishia karatasi nyeupe. Nikasema picha na kioo havitengani tena, vitakaa pamoja.

Mdogo wangu akaipitisha kwenye skana na kioo chake, ili nakala iwepo vyovyote itakavyokuwa. Ndipo nikaikumbuka ile fremu kubwa isiyo na kioo. Mfereji wake wa ndani ulikuwa na kina cha kutosha. Tukakata dirisha kwenye karatasi ngumu, tukakiweka kioo cha Baba nyuma yake, tukafunga mgongo. Kwa miezi mingi fremu ile ilikuwa imeegemea ukuta wa ukumbini bila mwenyewe.

Kupanga kulituchosha kuliko kusafisha. Tulizilaza fremu sakafuni, tukazihamisha, tukakata magazeti kwa kipimo cha kila moja na kuyabandika ukutani kwa utepe wa karatasi. Makumbusho mengi huweka kitovu cha picha kwenye sentimita 145 hivi kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Lakini Mama hasimami sebuleni, Mama anakaa. Tukamwita aketi kitini pake, tukashusha magazeti hadi aliposema basi.

Baba nilikuwa nimempangia katikati. Mama akatikisa kichwa. "Hakupenda kukaa katikati ya watu. Mweke kule mwisho, upande wa mlango, aone anayeingia." Upande ule jua la dirishani haliufikii, nikafurahi mara mbili. Kila fremu nzito tuliipa ndoano mbili, si moja, ili isije ikainama kila mlango ukibamizwa, na pimamaji ilipita juu ya zote.

Jioni fremu moja ikabaki sakafuni, ile ya duara dufu. Hakuna picha iliyoingia bila kumkata mtu bega. Mdogo wangu akaanza kuirudisha kwenye boksi, Mama akamwambia aitundike hivyo hivyo, tupu, chini ya Baba. Halafu akachukua simu akampigia shangazi.

"Wifi, ile picha yako ya harusi unayoificha kwenye sanduku, itoe. Fremu yake ninayo hapa, tayari iko ukutani."