Ninavyoifuga WRX ya 2003 Kampala

Subaru Impreza ninayoizungumzia ni WRX ya soko la Japani, bodi ya GDA, injini EJ205 (ya familia ya EJ) ya sisi 1,994 yenye tabo (turbo), gia tano za mkono. Kiwandani iliandikiwa nguvu farasi 250. Tangu sheria ya 2018 izuie kuingiza Uganda magari yaliyozidi miaka 15 tangu kuundwa, gari la rika hili hununuliwa humu humu nchini, likiwa limeshapita kwa wenyewe watatu au wanne na gereji nyingi kuliko hizo. Kwa hiyo nilianza na geji ya kompresheni, inayopima mgandamizo ndani ya silinda, kabla ya kutoa hata shilingi.

Injini iwe ya moto na betri iwe na nguvu. Kata umeme wa pampu ya petroli, chomoa soketi za koili zote, fungua plagi zote nne, kanyaga mafuta hadi mwisho, kisha piga stata mpaka sindano iache kupanda. Mizunguko sita hivi inatosha kwa kila silinda. Upande wa kushoto hufiki kwenye plagi vizuri bila kutoa betri na chupa ya maji ya kioo, ndiyo maana kuna mafundi wanaopima silinda mbili za kulia wakakwambia injini yote ni nzima. Usikubali. Silinda namba 4, ambayo mara nyingi ndiyo hutangulia kufa, iko huko huko kushoto, nyuma.

Namba zenyewe zinachanganya watu. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo injini ileile ambayo Mombasa ingeonyesha psi 150, hapa itaonyesha kama 130. Hiyo haijachoka. Ninachotazama zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, nashuku kingo zinazoshika ringi za pistoni zimevunjika, kwa sababu pistoni za EJ hazivumilii kugonga kwa mlipuko. Usihangaike na ule mtindo wa kumimina oili kidogo kwenye silinda na kupima tena. Injini hii ni boksa, yaani silinda zake zimelala ubavu, oili inatuama chini na jibu linakuwa la uongo. Afadhali usukume hewa ya kompresa pistoni ikiwa juu na valvu zimefungwa, usikilize inakotokea: kwenye mdomo wa oili ni ringi, kwenye eksozi ni valvu, mapovu kwenye tangi la kulanti (maji ya kupoza injini) ni gasketi ya silinda hedi.

Baada ya kununua, oili ndiyo inayokula muda wangu. EJ nyingi za tabo ninazozijua hazikufa kwa mwendo. Ziliishiwa oili polepole, beringi za koniroda zikakauka, zikaanza kugonga. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti kuna kama lita moja tu, na tabo iliyozeeka inaweza kuinywa bila kutoa moshi wa kukushtua. Napima asubuhi gari likiwa limelala mahali tambarare. Nafuta kijiti, nakiingiza, nakitoa, halafu narudia, kwa sababu oili iliyoganda ndani ya bomba hupaka upande mmoja. Upande unaoonyesha kiwango cha chini ndio wenye ukweli.

Nabadilisha kila kilomita 5,000, sintetiki 5W-40, pamoja na filta na washa mpya ya boliti ya sampu (trei ya oili chini ya injini). Namimina lita 4, nawasha dakika moja, nazima, nasubiri, halafu naongeza hadi alama ya juu. Oili bandia zipo sokoni, kwa hiyo nakagua lakiri ya kifuniko na sinunui dukani ambako bei ni ya kunifurahisha mno. Filta iliyotoka naikata kwa msumeno na kukunjua karatasi yake. Vumbi la kung'aa lisilovutwa na sumaku ni beringi, na hapo gari haliendeshwi tena mpaka lifunguliwe.

Mwenye geji ya kushikiza kwa mkono apime pia shinikizo la oili ikiwa nyuzi 80. Kitabu cha Subaru kinataka psi 14 kwenye mizunguko 600 kwa dakika na psi 43 kwenye 5,000. Ikiwa chini ya hapo, usikimbilie kubadilisha pampu. Kwanza shusha sampu utazame bomba la kunyonyea oili, kwani huwa linapasuka penye kiungo chake na kuvuta hewa.

Kuna kitu kingine kidogo kinachoua tabo. Bomba linaloipelekea tabo oili limefungwa kwa boliti yenye tundu katikati, na ndani ya boliti hiyo mna kichujio cha waya chembamba. Oili iliyokaa muda mrefu huacha masizi, kichujio kinaziba, tabo inazunguka kavu. Mtu hufunga tabo nyingine kutoka Kisekka, soko la vipuri la Kampala, nayo inakufa baada ya wiki chache kwa sababu ileile. Fungua boliti, safisha au weka mpya, na washa za shaba ziwe mpya pande zote mbili. Kabla ya kuwasha, piga stata bila petroli mpaka taa ya oili izimike.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama historia haijulikani, hesabu kwamba umeshafika. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Nunua seti nzima: mkanda, tenshena (kikaza mkanda), rola zote ikiwemo ile yenye meno, pampu ya maji na themostati, kwa sababu rola iliyokwama huchana mkanda mpya vilevile. Kosa ninaloliona mara nyingi ni la alama ya krankshafti. Kwenye gia yake kuna mshale, na kuna kistari kwenye ukingo wa nyuma. Kinacholinganishwa ni kistari, mshale uachane nao. Kwenye kistari pistoni zote ziko katikati ya silinda, lakini ukifuata mshale, mbili zinakuwa juu, na kamshafti za kushoto zimebanwa na springi: mkanda ukitoka zinaruka zenyewe. Hapo valvu zinapinda kabla hata hujawasha.

Tenshena irudishwe ndani kwa jiliwa, ikiwa imesimama wima, polepole kwa dakika tatu au zaidi, halafu itiwe pini. Anayeibana kwa haraka anaharibu silinda yake ya oili. Mkanda ukishakaa, chomoa pini, zungusha krankshafti mara mbili kwa soketi ya 22 ukitumia mkono, angalia alama tena. Gari la gia za mkono lina kibati cha kuzuia mkanda usiruke kwenye krankshafti. Kiache milimita moja hivi kutoka kwenye mkanda, na ukimkuta fundi anakitupa kwa kuwa "hakina kazi", mwambie akirudishe.

Kulanti ni nusu maji safi nusu dawa, lita 7 hadi 8. Kwenye kimo cha Kampala maji ya kawaida huchemka yakifika nyuzi 96 hivi, kwa hiyo kifuniko chenye shinikizo hakipaswi kuwa cha kubahatisha. Jaza kupitia tangi dogo lililo juu karibu na tabo, pua ya gari ikiwa imeinuka, hita imefunguliwa, ukiminyaminya mipira mpaka feni izunguke mara mbili. Hewa ikibaki, utafikiri gasketi imekwenda.

Petroli: injini hii ilipangwa kwa ile ya Japani ya oktani 100, na yetu ya kawaida haifiki hapo. Nanunua ya daraja la juu, na nikiwa kwenye gia ya nne au ya tano chini ya mizunguko 3,000 sikanyagi mpaka mwisho. Kupanda kuelekea Kabale nashuka gia. Baada ya kupanda kwa nguvu naacha injini izunguke taratibu dakika moja kabla ya kuzima. Plagi ni NGK PFR6G, mwanya wa milimita 0.7 hadi 0.8. Filta ya hewa ni ya karatasi, maana vumbi la murram ni jekundu na laini, na filta za kupakwa mafuta zinaweza kuchafua kipimo cha hewa.

Bushi, bolijointi na beringi za magurudumu huliwa na mashimo. Hizo kila gereji inazijua.

Kwenye gia boksi, Kisekka watakuuzia nzuri yenye uwiano usio wako. Difu za magari haya mara nyingi huja za 3.900, 4.111 na 4.444, na ya mbele, iliyomo ndani ya gia boksi, lazima ilingane na ya nyuma, la sivyo difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inaungua. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma, gia ikiwa huru, weka chaki kwenye propela shafti na kwenye tairi zote mbili. Uzungushe magurudumu pamoja mzunguko mmoja kamili na uhesabu mizunguko ya shafti. Inayokaribia minne ni 3.900, inayozidi minne kidogo ni 4.111, na mizunguko minne na karibu nusu ni 4.444. Oili yake ni 75W-90 GL-5, lita 3.5, na difu ya nyuma lita 0.8.

Difu ya kati huuawa pia na tairi. Zote nne ziwe chapa moja na zimechakaa sawa. Mzingo ukipishana kwa zaidi ya milimita 6, kiunganishi kilicho ndani kinafanya kazi hata barabara ikiwa imenyooka, kinapata moto. Kwa hiyo sinunui mitumba miwili miwili, na nazipimia mzingo kwa futi ya fundi cherehani. Ikipasuka moja njia ya Masaka, tairi dogo la akiba nalitumia kufika kwa fundi wa pancha aliye karibu, taratibu, basi.