Mizani ya bafuni ndiyo iliyoliponya tela langu

Fundi aliniambia, "Mzee, sukuma mzigo nyuma, pikapu ipumue." Nikamwamini, maana alikuwa na mikono yenye grisi mpaka kwenye viwiko.

Nikapakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, lumbesa nane, nyingi zikiwa nyuma ya ekseli ya tela. Mikumi nilipita salama kwa sababu matuta hayakuniruhusu kukimbia. Nilipotoka hifadhini, karibu na Doma, nikakanyaga hadi 80. Tela likaanza kutikisa mkia polepole, kisha likashika kasi, na kila likienda kushoto linaburuta makalio ya pikapu kulia. Nikafanya ujinga mkubwa: breki. Likacheza zaidi. Utingo wangu akashika dashibodi na kuanza kusali kwa madhehebu mawili. Kilichotuokoa ni kuachia mafuta na kushika usukani bila kupambana nao mpaka kasi ikaisha yenyewe.

Safari iliyofuata, kwa hasira, nikajaza mbele. Bampa ya nyuma ya pikapu ikaketi, usukani ukawa mwepesi kama wa mchezo, na usiku malori yote yananipigia taa maana zangu zinamulika popo. Fundi yuleyule akataka kuniongezea springi kwa laki mbili na ushee. Nilimshukuru nikaondoka.

Pua ya tela, pale inapokalia boli la kuvutia la pikapu, inatakiwa kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela na mzigo. Langu likijaa ni tani kasoro kidogo, kwa hiyo nataka kilo 100 hadi 140 hivi. Sasa utapimaje? Mizani ya bafuni yangu inaishia 120.

Nikachukua ubao mnene. Ncha moja juu ya tofali, nyingine juu ya mizani. Pua nikaishusha kwa gogo fupi juu ya ubao, sentimita 30 kutoka kwenye tofali na 60 kutoka kwenye mizani. Mizani inabeba theluthi moja tu, unazidisha kwa tatu. (Toa kwanza kile ambacho mizani inasoma ubao ukiwa mtupu, mimi nilisahau mara ya kwanza.) Ikasoma 22, yaani 66. Pua nyepesi mno! Nikasogeza lumbesa moja mita moja mbele: 32. Nyingine tena: 42. Kilo 126. Nilicheka peke yangu uani kama nimepata urithi.

Uzito huo wa pua ni mzigo wa pikapu pia, kwa hiyo abiria wa nyuma na madebe ya asali ya shemeji nikayakataa.

"Baba Neema, mizani yangu mbona inanuka vitunguu?" mke wangu aliuliza jioni. Nikasema labda ni jikoni. Mshale wake tangu siku hiyo haurudi sifuri, unakaa kwenye 2, na sijamwambia.