Hiyo sauti yangu inaenda wapi?

Kazi yangu mimi ni kusikiliza. Watafiti wananiletea rekodi za mahojiano au wananituma nikahoji mwenyewe, halafu navaa hedifoni nachapa neno kwa neno mpaka vikohozi, na saa moja ya watu wawili wasiokatizana inanila masaa manne hivi, wakiwa watatu na mmoja ana mtoto mgongoni usiniulize. Sasa kuna kipindi kifundo cha mkono wa kulia kikaanza kuuma, kwanza usiku tu, baadaye hata kufungua chupa ya maji ikawa shughuli, nikaambiwa nipumzishe mkono. Mtu anayelipwa kwa dakika za rekodi kumwambia apumzishe mkono ni kama kumwambia bodaboda apumzishe tairi. Ndio nikaanza kutafuta mashine ya kuniandikia.

Nilianzia pale wengi tunapoanzia, kimaiki cha kwenye kibodi ya simu. Google waliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti tangu Agosti 2017, na kwa meseji za kawaida inatosha kabisa, ukiongea taratibu kama unamwelekeza mgeni njia. Kwa rekodi ndefu nikalipia programu moja ya mtandaoni, unapakia faili, unaenda kunywa chai, ukirudi maandishi yapo. Sikuamini! Makosa yapo lakini ya kusahihisha, sio ya kulia. Nikajiona nimeuaga umaskini.

Halafu ikaja ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika siku moja na intaneti ikawa ya kuvizia nchi nzima. Mimi nilikuwa na rekodi sita za kukabidhi wiki hiyo. Napakia, inafika asilimia kumi na kitu, inagoma, naanza upya, bando linaliwa na hakuna kilichofika. Rekodi isiyobanwa, ile ya ubora wa kawaida wa sauti ya mtu, saa moja ni kama MB 115, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe hapo nimechoma nini. Nikarudi kuchapa kwa mkono unaouma huku najisema, hivi mashine yote hii na laptopu yangu hii, kwanini neno la mtu wa Mbagala lazima lisafiri mpaka ng'ambo ndio lirudi limeandikwa?

Lakini kusema ukweli sio nyaya zilizonibadilisha, zilipotengemaa nilirudi kule kule kupakia. Aliyenibadilisha ni mama mmoja.

Ilikuwa mahojiano ya mirathi. Mama mjane, nyumba aliyojenga na marehemu, shemeji kashika karatasi zote. Nimeshamwamkia, tumekaa kwenye mkeka, naweka simu katikati nabonyeza kurekodi, akaiangalia kama mtu anavyoangalia mbwa asiyemjua. "Mwanangu, hiyo sauti yangu inaenda wapi?" Nikamjibu bila hata kufikiri, "Haiendi popote mama, inabaki humu humu." Akafurahi, akaongea dakika hamsini, majina ya watu, viwanja, nani alipewa hela na nani.

Usiku nimefika nyumbani nafungua ile programu, kidole kipo juu ya kitufe cha kupakia, ndio nikakumbuka nilichomwambia. Humu humu wapi? Ile fomu ya ridhaa niliyomsomea mwenyewe kwa sauti inasema rekodi itasikilizwa na watafiti tu. Na kilichoniuma zaidi, kabla yake nilishapakia za watu wengine kibao bila kujiuliza.

Basi nikasoma masharti ya ile huduma, kwa mara ya kwanza, miezi yote hiyo nimeyabonyeza "nakubali" tu. Kuna kisanduku mle ndani kilikuwa kimewashwa tangu siku ya kwanza, kinaruhusu rekodi zitumike kuboresha huduma. Kuboresha huduma ni maneno matamu lakini maana yake inaweza kuwa binadamu kakaa mahali anasikiliza. Sio uzushi, 2019 ilijulikana wazi kwamba Amazon, Google na Apple walikuwa na watu wanaosikiliza baadhi ya rekodi za wateja wanaoongea na vifaa vyao, na kelele zilipokuwa kubwa ndio wakaanza kubadilisha taratibu. Na hapa kwetu Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, ina sehemu nzima inayohusu kusafirisha taarifa za mtu nje ya nchi. Nilikuwa nafikiri ile inahusu mabenki na kampuni za simu, kumbe na mimi na hedifoni zangu.

Kwa hiyo nikahamia upande wa pili, mashine inayofanya kazi ndani ya kifaa chako chenyewe bila kutuma kitu. Hapa msingi wa wengi ni Whisper, modeli (yaani ubongo wa programu uliofundishwa kwa mifano mingi ya sauti) ambayo OpenAI, wale wa ChatGPT, waliitoa Septemba 2022 na kuiachia bure, na kuna toleo lake la whisper.cpp linalokubali hata kompyuta za kawaida zisizo na kadi ya michoro. Unashusha faili mara moja, baada ya hapo hata intaneti ikifa hausikii. Ukubwa unachagua mwenyewe, ndogo kabisa ni MB 75, ya "small" ni MB 466, ya "medium" GB 1.5, ile kubwa karibu GB 3. Inavyofanya ni kukata sauti vipande vya sekunde 30 na kubashiri maneno kipande kwa kipande, ndio maana ukiitumia kuandika huku unaongea unaiona inasubiri kwanza, haifuati mdomo wako kama ile ya mtandaoni.

Sasa hapa ndio watu wanaosoma makala za Kiingereza wanadanganyika. Wanasoma kwamba ya ndani siku hizi ni nzuri sawa na ya mtandaoni, ni kweli, kwa Kiingereza. Google toka 2019 wameweka kwenye simu zao za Pixel utambuzi wa sauti ya Kiingereza wa MB 80 tu, ndani ya simu. Sisi tupo foleni nyingine. Whisper ya mwanzo ilifundishwa kwa masaa 680,000 ya sauti, ukitoa Kiingereza lugha nyingine 96 zote ziligawana masaa 117,000, na kipande cha Kiswahili humo ni kidogo mno. Matokeo yake ile modeli ndogo inayomtosha Mwingereza, kwako inaweza kukuandikia kitu kinachofanana na Kiswahili kwa mbali, kama mtu anayeigiza.

Viambishi ndio vinaiua. Kwetu neno moja lina sentensi nzima ndani, "nimeshamrudishia", yenyewe inakata "nime shamru dishia" kama anakata muwa. Mchanganyiko wa "nilim-text" na "nika-print" unaiacha hoi. Halafu kukiwa kimya, mtu ameinama anafuta machozi mfano, modeli za aina hii zinajulikana kwa kujaza maneno ambayo hakuna aliyesema, tena kwa sentensi iliyonyooka kabisa, na hilo kwangu ni baya kuliko neno lililovunjika maana lililovunjika unaliona.

Nilichokuja kukiweza baada ya kuhangaika wiki mbili ni kutumia modeli ambayo watu wameifundisha upya kwa Kiswahili, zipo za bure, nyingi zimetumia sauti za Common Voice ya Mozilla ambako watu wa kawaida walijitolea kusoma sentensi (ukiwa na nusu saa ya kupoteza nenda ukasome, lafudhi ya Pemba na Kigoma zikizidi humo itatusaidia wote). Ya ukubwa wa "small" iliyofundishwa upya mwanzoni sikuamini macho yangu, maana kwangu inaandika vizuri kuliko "medium" ya jumla, na ni nyepesi. Medium kwenye laptopu yangu ya ramu GB 8, dakika kumi za rekodi zilikuwa zinakula nusu saa na feni inalia kama mashine ya kusaga. Siku hizi hiyo small naiwasha nikienda kulala na laptopu ipo kwenye umeme, asubuhi nakuta.

Sijaacha ya mtandaoni, nisiwadanganye. Barua pepe zangu, hii posti yenyewe, orodha ya sokoni, naongea kwenye simu na wala sijali nani anasikia bei ya nyanya. Sauti yangu naigawa nitakavyo. Ya mtu mwingine haitoki kwenye laptopu, na muda wa kusahihisha unaoongezeka nimeuweka kwenye bei, wateja wawili walilalamika, mmoja alirudi.

Na usiamini tangazo linalosema "inafanya kazi ndani ya kifaa". Washa hali ya ndege, zima na Wi-Fi, halafu ongea. Ikiandika, sawa. Ikikuambia hakuna mtandao, umeshajua sauti ilikuwa inaenda wapi siku zote. Ila hata ikiandika ingia kwenye mipangilio, kuna zinazoandika ndani halafu zinapandisha nakala baadaye mtandao ukirudi.

Yule mama nilirudi kwake mwezi uliofuata. Amenikubalia niandike hili bila jina lake. Nilimwambia ukweli kwamba ile siku nilijibu kitu nisichokijua, na kwamba ya kwake sikuipakia, nikafungua laptopu pale pale mkekani, nikamwonyesha alama ya ndege juu, nikacheza dakika mbili za mwanzo tukaangalia maneno yanavyotokea. Miwani yake hakuwa nayo kwa hiyo namsomea. Tukafika pale aliposema "hati anayo shemeji", mashine imeandika "hatia nayo shemeji". Nikaomba radhi, nikashika kibodi nisahihishe.

"Iache," akasema. "Hapo haijakosea."