Mazoezi ya Macho na Nafuu Inayotuchanganya

Katika makundi mengi ya WhatsApp ninayoyasoma hapa Tanga, ya ndugu, ya wazazi wa shule na hata ya majirani, kuna ujumbe unaorudi kila baada ya muda ukieleza namna ya kuachana na miwani kwa mazoezi ya nyumbani: kuzungusha macho, kuyafunika kwa viganja, kulitazama jua la asubuhi, kunywa juisi ya karoti. Wanaoutuma ni watu wema, na wengi wao husimulia kwamba wao wenyewe au jamaa zao wameona nafuu. Siamini kwamba wanadanganya. Mimi huvaa miwani tangu nikiwa sekondari, na darasani ninafundisha watoto ambao hukunja nyuso kila wanapotazama ubao, kwa hiyo jambo hili nimelisoma kwa muda mrefu na kuwauliza wanaolijua. Nafuu inayosimuliwa mara nyingi ni ya kweli. Isiyo ya kweli ni sababu inayotajwa, na kuzichanganya hizo mbili kunaweza kumgharimu mtu jicho.

Mengi ya mazoezi hayo yanatokana na mafundisho ya William Bates, daktari wa macho wa New York, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1920. Alidai kwamba jicho hulenga vitu vya karibu na vya mbali kwa kubanwa na misuli ya nje, ile inayoligeuza huku na huku, na kwamba anayeona vibaya amekaza misuli hiyo na akijifunza kuilegeza ataona sawasawa. Lakini mwanasayansi wa Uingereza, Thomas Young, alikuwa amekwisha kulichunguza jambo hilo mwaka 1801. Aliligusisha jicho lake na maji ili kuiondolea nguvu konea, yaani kioo cha mbele, akakuta kwamba bado anaweza kulenga karibu na mbali. Kazi hiyo hufanywa na lenzi iliyo ndani ya jicho, nayo hubadilika umbo kwa nguvu ya msuli mdogo wa ndani ambao mazoezi ya kuzungusha macho hayaufikii.

Mtu asiyeona mbali kwa kawaida ana jicho lililorefuka kupita kiasi. Jicho la mtu mzima lina urefu wa takriban milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma, na ongezeko la milimita 1 tu hutosha kumfanya ahitaji miwani ya kati ya dayopta 2.5 na 3 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Kuzungusha macho hakufupishi jicho hilo, kama vile kukimbia kila alfajiri kusivyompunguzia mtu kimo. Kwa aliyevuka miaka 40 ambaye sasa huusogeza msahafu au gazeti mbali ili asome, lenzi yake imeanza kuwa ngumu na haijipindi tena kama zamani. Hali hiyo humpata kila mwanadamu anayejaliwa umri, na dawa yake ni miwani ya kusomea.

Nafuu basi hutoka wapi? Kuna jaribio rahisi ambalo kila mtu anaweza kulifanya nyumbani, nami ninalipendekeza kuliko zoezi lolote. Chukua kipande cha kadi ngumu, ukitoboe kwa pini tundu la kama milimita 1, funika jicho moja, kisha kwa jicho la pili tazama kupitia tundu hilo maandishi ambayo kwa kawaida huyaoni vizuri, mathalani kalenda iliyotundikwa ukuta wa pili. Kama wewe ni mtu wa miwani, vua kwanza. Maandishi yakionekana wazi zaidi, ujue kwamba kasoro iko katika namna jicho linavyokusanya mwanga, na kuna uwezekano mkubwa kwamba miwani itakufaa. Yasipobadilika, au yakizidi kufifia, huenda tatizo liko kwenye lenzi, kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, au kwenye mshipa wa fahamu wa jicho, na hapo haifai kusubiri. Tundu hilo halitibu chochote. Linazuia tu miale inayopita pembeni mwa lenzi, ambayo ndiyo huleta ukungu, na kuiacha ile ya katikati ifike ikiwa safi.

Aliyelifanya jaribio hilo ataelewa pia siri ya jua la asubuhi. Mwanga mkali huibana mboni, na mboni iliyobanwa hufanya kazi ileile ya tundu la kadi. Mtu akisimama ufukweni jua likiwa limepanda, akafanya mazoezi yake mbele ya maji yanayometa, ataiona miti ya Kisiwa cha Toten, kilicho ng'ambo ya maji hapa Tanga, vizuri zaidi kuliko alivyotarajia, na moyo wake utasema mazoezi yamejibu. Akirudi nyumbani na giza likaingia, mboni hutanuka na ukungu hurudi. Mambo mengine huchangia: kukunja kope hupunguza miale kwa njia hiyohiyo, kupepesa husambaza machozi yanayolainisha konea, na mtu anayejipima kwa chati moja kila siku huishia kuikariri bila kujua. Kulitazama jua lenyewe, hata likiwa linachomoza, ni hatari kubwa, kwa kuwa miale yake huweza kuunguza retina bila mtu kuhisi maumivu yoyote. Ndiyo maana watu waliokusanyika Rujewa mkoani Mbeya tarehe 1 Septemba 2016 kutazama kupatwa kwa jua walihimizwa kutumia miwani maalumu.

Ipo nafuu nyingine ambayo inanitia wasiwasi zaidi. Shangazi yangu wa Ngamiani, ambaye kwa miaka mingi ameshona kofia kwa mkono, alitupokea siku moja kwa furaha kubwa. Nilipomwamkia alisema, “Marahaba mwanangu, macho yangu yamerudi ujana, uzi naupitisha kwenye sindano bila miwani.” Alikuwa akitumia unga wa majani ya mlonge, na nyumba nzima ilikuwa imeanza kuutumia. Mtaalamu aliyempima alitueleza kwamba mlonge haukuhusika. Shangazi alikuwa na mtoto wa jicho wa aina inayoanzia katikati ya lenzi, na lenzi ikianza kukakamaa na kubadilika kwa namna hiyo huongezeka nguvu ya kupinda mwanga, hivyo mzee hurudi kusoma karibu bila miwani huku uoni wake wa mbali ukipungua. Furaha hiyo hudumu kwa muda tu, kisha ukungu hufunika karibu na mbali. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa lenzi ya bandia, na leo anaitambua sura ya mtu akiwa bado kwenye kona ya barabara. Miwani ya kusomea ameirudia, kwa sababu lenzi ya bandia ya kawaida hulenga umbali mmoja. Kwa hiyo mzazi wako akikuambia kwamba ghafla anasoma bila miwani, mpongeze, kisha mpeleke akapimwe macho. Apimwe na sukari pia, maana sukari ikipanda na kushuka kwenye damu huweza kubadilisha lenzi, na mtu akaona vizuri wiki hii na vibaya wiki ijayo.

Nisieleweke kwamba ninayapinga mazoezi yote. Uchovu wa macho ni tatizo la kweli, hasa kwa wenzetu wanaoshinda mbele ya kompyuta, kwa mafundi cherehani, na kwa vijana wasioiachia simu. Tunapotazama kioo cha simu kwa makini tunapepesa mara chache sana kuliko kawaida, machozi hukauka, macho huwasha na kuwa mazito. Kanuni inayofaa ni kupumzika kila baada ya dakika 20, ukatazama kitu kilicho umbali wa kama mita 6 kwa sekunde 20, na kupepesa taratibu hadi kope zikutane kabisa. Kufunika macho kwa viganja safi nako kunatuliza, na sioni ubaya wake mradi mtu asiyabonyeze. Anayeamka na kope zenye uvimbe na ukoko hupata nafuu akiweka juu yake kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, kisha akazisafisha polepole. Lipo pia tatizo la macho mawili kushindwa kukutana sawasawa kwenye kitu cha karibu, ambalo humfanya mwanafunzi aone herufi mbilimbili au aumwe kichwa akisoma. Hilo kweli hutibiwa kwa mazoezi, lakini hufanya kazi vyema zaidi chini ya uangalizi wa mtaalamu kuliko kwa kusogeza kalamu puani peke yako chumbani.

Kwa watoto ninalo neno zito zaidi. Huko Guangzhou, nchini China, watafiti waliziongezea baadhi ya shule za msingi dakika 40 za kuwa nje kila siku, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya miaka 3 watoto wa shule hizo waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, ilhali katika shule nyingine walikuwa asilimia 39.5. Inadhaniwa kwamba mwanga wa mchana huichochea retina kutoa kemikali inayozuia jicho lisirefuke upesi. Mtoto ambaye tayari haoni mbali hataponywa na mwanga huo. Faida kubwa huipata yule ambaye bado anaona. Ninapowaona watoto wetu wakitoka shule, wakaingia madrasa, kisha masomo ya ziada, kisha simu ya mama hadi usiku, ninatamani warudishiwe saa yao ya rede na ya mpira, wachezee hata kwenye kivuli cha mwembe, kwani mwanga wa kivulini nje bado unauzidi kwa mbali ule wa sebuleni. Na mtoto mwenye makengeza, au ambaye mboni yake inaonekana nyeupe kwenye picha, asingojewe akue. Apelekwe mara moja.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Vitamini A ni ya lazima, na ukosefu wake huleta upofu wa usiku na huweza kuiharibu konea kabisa, ndiyo maana watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone yake kila baada ya miezi sita. Matembele, kisamvu na mchicha ambavyo sisi watu wa pwani huvipika kwa tui la nazi vina faida hiyo, kwa sababu mafuta husaidia mwili kuinyonya vitamini. Asiyepungukiwa na vitamini hiyo hatapata uoni wa ziada kwa kunywa karoti zaidi. Lakini chakula kiende mdomoni. Asali, maji ya limau, maziwa ya mama, chai na utomvu wa majani havina nafasi ndani ya jicho. Hubeba vijidudu, na kidonda kikipona kwenye konea huacha kovu jeupe lisilofutika. Ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea nchini mwanzoni mwa mwaka 2024, Wizara ya Afya iliwaonya wananchi wasitumie dawa ambazo hawakuandikiwa.

Lililobaki ndilo lililonisukuma kuandika. Presha ya macho, katika aina yake ya kawaida, haiumi wala haiwashi. Huuharibu mshipa wa fahamu wa jicho polepole kuanzia pembeni mwa uoni, na kwa kuwa jicho moja huziba pengo la jingine, mtu huendelea kusoma vizuri hadi hali iwe imekwenda mbali. Sisi wenye asili ya Afrika huwa katika hatari kubwa zaidi, na aliye na mzazi, kaka au dada mwenye ugonjwa huo hatari yake huongezeka. Kilichopotea hakirudi; matone na upasuaji hulinda kilichosalia. Jaribio la kadi yenye tundu haliwezi kuugundua, wala zoezi lolote haliwezi kuuzuia. Aliyevuka miaka 40 na aende Bombo, hospitali yetu ya mkoa hapa Tanga, au kliniki yoyote yenye mtaalamu wa macho, aombe kupimwa presha ya jicho na kutazamwa mshipa wenyewe, kila jicho peke yake. Achukue miwani yake ya zamani na dawa zote anazotumia. Siku hiyo asiende kwa baiskeli, bali afuatane na mtu, kwa sababu huenda akatiwa matone ya kutanua mboni, na matone hayo humwacha mtu na ukungu kwa saa kadhaa.